Kazi ya Kutomwosha Sungura

Mjukuu wangu Zamu amepata sungura mweupe, anaishi naye katika chumba cha kupanga huko Kisenyi, ghorofa ya tatu, juu ya duka la matairi. Juzi alinipigia simu akaniuliza, "Haboba, sungura anaoshwa kwa sabuni gani?" Haboba ndiyo namna yetu Wanubi ya kusema bibi. Nikamjibu kwamba haoshwi. Akasema ameona kwenye simu mtu akimwogesha wake katika beseni lenye povu, na sungura alikuwa ametulia kabisa, amelala chali kama mgeni wa hoteli.

Kutulia kule nakujua. Sungura akiogopa kupita kiasi hutulia hivyo. Hata mimi kwenye kiti cha daktari wa meno watu hunisifu kwa utulivu.

Kwa hiyo haya nayaandika kwa ajili ya Zamu na nyinyi wenzake mnaofuga sungura weupe ndani ya nyumba na kuwapiga picha kila asubuhi. Mimi nilifanya kazi ya kumweka sungura mweupe akiwa mweupe, hapa Kampala, mji ambao udongo wake ni mwekundu na haumwogopi mtu. Niliifanya mpaka nikastaafu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo, mtaona, ilikuwa kujizuia.

Sikuajiriwa kwa ajili ya sungura. Niliajiriwa kama dobi katika nasari moja pale mlima wa Lubaga, shule ya watoto wadogo wanaolala baada ya chakula cha mchana. Nilifua mashuka yao, aproni zao na mapazia. Mwalimu mkuu tulimwita Madamu Nakato. Aliamini kwamba mzazi huchagua shule kwa macho na pua, mambo ya kusoma huyauliza baadaye. Alitembea na kitambaa mkononi, akipita mlangoni anafuta kitasa, akirudi anakifuta tena.

Siku moja mzazi aliyekuwa anahamia ng'ambo akatuletea sungura ndani ya boksi la ndizi. Alikuwa dume mweupe mwenye macho mekundu, na masikio yake yalipitisha mwanga. Madamu alimtazama sungura, akanitazama mimi.

"Hawa, wewe unajua kitu cheupe," akasema. Alikuwa Mganda, na Kiswahili alikizungumza nami tu, kwa heshima ya Luganda langu ambalo halikumfurahisha. "Hii sungula itakuwa kazi yako."

Huko ndiko kupandishwa cheo pekee nilikopata katika shule ile. Askari wa geti alimpa sungura jina la Meneja, kwa sababu alikaa kutwa nzima bila kufanya kitu, anatafuna, na kila aliyepita alimtazama usoni kuona kama amefurahi. Basi nikawa dobi wa Meneja.

Wiki ileile mvua ilinyesha. Meneja akatoka bandani, akaingia kwenye maua ya Madamu, akachimba. Nilipomkuta alikuwa mwekundu mpaka tumboni, na miguu yake ya nyuma ilikuwa kama imevaa viatu vya udongo. Nikafanya nilichojua kukifanya. Nikaleta beseni, maji ya bomba na sabuni ya mche. Mwanzoni alirusha mateke. Baadaye akatulia, nami nikamsifu kwa adabu. Nikamsuuza mara mbili. Halafu, kwa kuwa nilikuwa dobi mzuri na sikupenda kufanya kazi nusu, nikatia buluu ya kufulia kwenye maji ya mwisho.

Nilimlaza juu ya meza ya kupigia pasi. Masikio yalikuwa baridi. Jicho lilikuwa wazi lakini halikuwa linatazama kitu. Nikamwita jina, nikamtikisa kidogo, na kichwa chake kikaenda kulikoelekea mkono wangu.

Hapo ndipo Papa Bahati alipopita mlangoni. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, fundi wa majiko kule Katwe, aliyekuja siku ile kutengeneza jiko la shule. Alisimama, akaangalia beseni, akaangalia meza.

"Mama Hawa, unamuosha ao unamupika?"

"Namwosha."

"Basi uko karibu kumaliza. Leta taulo."

Alifungua shati lake, lililokuwa jeusi kwa masizi, akamweka Meneja kifuani kwenye ngozi, akafunga vifungo mpaka juu. Akaketi kwenye kigoda changu karibu na pasi ya mkaa. Mimi nilipiga pasi taulo moja baada ya nyingine, nikawa nazipitisha ndani ya shati zikiwa na joto na kuzitoa zikiwa na maji. Nilisikia watoto darasani wakiimba, na nilikuwa nawaza ni mwalimu gani nitamwomba awaambie kwamba Meneja amekufa. Sijui ilikuwa muda gani. Nakumbuka mashuka ya siku ile hayakupigwa pasi hata moja.

Mwisho Papa Bahati akatazama chini, kwenye shati lake.

"Anakojoa," akasema kwa upole. "Ni muzuri. Mufu hakojoi."

Meneja alitoka kwenye shati lile akiwa hai, na akiwa na buluu ya kufulia, masizi ya Katwe na udongo wa Lubaga uliokuwa bado umebaki kwenye miguu. Madamu alipopita akauliza kwa nini sungula ni ya kijivu. Nikamwambia anakauka. Alikaa na rangi ile siku nyingi, rangi ya wingu linalokaribia kunyesha, na watoto walimpenda zaidi kuliko alipokuwa mweupe.

Jumamosi iliyofuata nilimfuata Papa Bahati kwake Katwe kumshukuru. Nyuma ya karakana yake, katikati ya vumbi la chuma na makelele ya nyundo, alikuwa na sungura wengi, na wote walikuwa weupe kama mashuka mapya. Nikaona aibu. Nikamwuliza anawafanyaje.

"Miye siwaoshi. Wanajiosha wenyewe, kutwa muzima, kuliko hata paka. Miye ninaosha nyumba yao."

Nilirudi Jumamosi nyingi. Yote ninayoyajua kuhusu usafi wa sungura nimeyapata kwa mtu aliyewafuga kwa ajili ya sufuria. Niliwazoea, nikawapa salamu, na Jumamosi nyingine nilikuta mmoja hayupo, nami sikuuliza. Mtu yule aliwatunza vizuri kuliko ninyi mnaowavalisha riboni, samahani kusema.

Sasa sikilizeni alichonifundisha. Udongo mwekundu ukimpata sungura, usiuguse ukiwa mbichi. Mimi dobi nilipaswa kulijua hilo, kwa sababu hata shuka likirukiwa na tope ukilisugua bichi unalisambaza tu. Mwache akauke mahali penye nyasi kavu, kisha mpitishe brashi laini, na udongo utaanguka wenyewe kama unga. Manyoya yaliyoshikamana yanyunyizie wanga mkavu, ule wa mahindi ambao sisi tulitia kwenye kola za mashati. Uweke kwenye vidole, usimmwagie, na uweke mbali na pua maana mapafu yake ni madogo. Chambua kwa vidole, piga brashi. Doa bichi la mkojo lifute kwa kitambaa chenye maji kidogo ya uvuguvugu, pale penye doa tu, ukaushe mara moja. Doa la zamani la manjano chini ya miguu liache. Litaondoka na manyoya ya zamani. Hakuna sungura aliyewahi kukosa mchumba kwa sababu ya nyayo za manjano.

Kisha mtazame anajisaidia kona gani. Sungura huchagua kona, tena ni mwaminifu kwa kona hiyo. Weka karai hapohapo, utie nyasi kavu, badilisha kila siku, na kazi yako imepungua nusu. Na ukiona amechafuka nyuma, usianze na manyoya, anza na mdomo. Meneja alichafuka nyuma muda mrefu sana bila mimi kuelewa, mpaka siku moja nikajificha nyuma ya pazia wakati wa mapumziko, nikaona watoto wa darasa la chini wakimlisha biskuti na chapati kwa zamu, kwa mstari mzuri kabisa kama walivyofundishwa. Nikaondoa biskuti, nikaleta nyasi nyingi, na baada ya siku chache akawa msafi.

Ukisikia hivyo utadhani nilikuwa nimeelimika. Ndivyo nilivyodhani mimi pia.

Meneja akawa mweupe kweli. Wazazi walisimama kumtazama. Mama mmoja alisema shule inayoweza kumweka sungura katika hali ile haiwezi kumrudisha mtoto wake na kamasi. Madamu alisikia. Wiki ileile Meneja alihamishwa kutoka nyuma, kwenye banda la nyasi, akaletwa mbele kabisa, kwenye ukumbi wa kupokelea wageni, ndani ya uzio mdogo uliopakwa rangi ya dhahabu. Sakafu ilikuwa ya vigae vyeupe. Nyasi zilikatazwa kwa sababu zilikuwa zinaruka mpaka kwenye zulia.

"Madamu, anahitaji kitu laini cha kukanyagia," nilisema.

"Hapa ndipo pasafi kuliko pote," akajibu, na akasema kweli. Vigae vile tulivipiga deki asubuhi na mchana.

Nami nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuupenda ukumbi ule. Watu walikuwa wananiuliza siri yangu. Mwanamke aliyefua mashuka miaka yote bila kuulizwa chochote sasa alikuwa na siri.

Sungura hana soli chini ya mguu kama mbwa. Ana manyoya tu, na ngozi nyembamba juu ya mfupa. Kwenye nyasi uzito wake unagawanyika. Kwenye kigae wote unaangukia kisigino, na unyevu wa deki unalainisha ngozi. Kucha zikirefuka inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu vidole vinanyanyuka na kisigino kinabeba kila kitu. Papa Bahati alinieleza hayo yote, na alinionyesha kwenye miguu ya sungura wake jinsi ya kumgeuza na kutazama kila wiki. Nilikuwa nageuza. Siku moja nikaona manyoya ya kisigino yamepungua, ngozi inaonekana ya waridi. Nikapaka wanga. Kisigino kikawa cheupe.

Wiki iliyofuata nikapaka tena. Iliyofuata nikapaka bila kumgeuza vizuri.

Mnisikilize hapa kuliko pengine popote, kwa sababu hili silipendi kulisema. Sikukosea kwa kutojua. Siku ya beseni nilikuwa sijui, hiyo naweza kuicheka. Siku za wanga nilijua. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia, na nilitaka apite siku ile.

Papa Bahati alikuja Jumatano ya wiki ileile ya wazazi kuangalia jiko. Alipita ukumbini, akamwona Meneja amekaa kwenye kona, ameegemea ubavu mmoja. Akaingia ndani ya uzio wa dhahabu na viatu vyake vya karakana, akachuchumaa, akamgeuza. Alipuliza wanga kama mtu anayepuliza vumbi kwenye kitabu. Chini ya kisigino cha kulia kulikuwa na kidonda ukubwa wa kifungo cha shati, na cha kushoto kilikuwa kimeanza.

Nilimngojea anigombeze. Hakunigombeza. Alifunga mikono yangu juu ya mguu ule, akasema, "Sungura wangu ninawala, Mama Hawa. Lakini wanafika kwenye sufuria wakitembea vizuri." Akaenda jikoni kufanya kazi yake.

Nilimchukua Meneja, nikaenda naye ofisini kwa Madamu. Alikuwa anaandika majina ya wageni wa Ijumaa.

"Madamu, Meneja hawezi kukaa kwenye vigae."

"Iko chafu?"

"Hapana. Ni msafi."

"Sasa shida ni nini?"

Nikamgeuza juu ya meza yake, juu ya yale majina. Alirudi nyuma na kiti. Katika muda wote ule hakuwahi kumgusa Meneja, na wengi hawakujua kwamba alikuwa anamwogopa.

"Nani amefanya hii?"

Ningeweza kusema ni vigae, na vigae vilikuwa vyake. Maneno hayo yalikuwa yamefika mdomoni. "Mimi," nikasema. "Nimeona tangu wiki tatu zilizopita, nikafunika kwa wanga."

Alitazama mguu ule muda mrefu, kisha akanyoosha kidole kimoja, akagusa manyoya ya pembeni, mbali na kidonda.

"Inauma?"

"Inauma hata akikaa."

Aliondoa kidole, akakifuta kwa kitambaa chake. "Toka na yeye," akasema.

Nikatoka. Nilisimama uani nimemkumbatia Meneja, sijui kama tumefukuzwa wote wawili au mimi peke yangu. Nilianza kuhesabu kichwani vitu vyangu vilivyomo katika chumba cha kufulia: kanga moja, kikombe, ndala. Kisha dereva wa shule akaja na ufunguo wa gari. "Madamu amesema niwapeleke kwa daktari wa mifugo," akasema. "Amesema upesi." Ni mpaka nilipokuwa ndani ya gari ndipo nilipogundua kwamba Madamu alikuwa amesema "yeye". Kwa mara ya kwanza hakumwita "hii".

Daktari alikuwa wa ng'ombe. Alituweka foleni nyuma ya ndama. Lakini alijua kazi yake. Alisafisha vidonda, akatoa dawa ya kupaka na ya kunywa, akakata kucha, akasema nyasi kavu nyingi, na maji yasifike kwenye miguu. Akaniuliza ule unga mweupe ulikuwa dawa gani. Nikamwambia ulikuwa upumbavu. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, sijui kama ni hilo.

Ijumaa wazazi walikuja. Uzio wa dhahabu ulikuwa umeondolewa. Mahali pake Madamu alikuwa ameagiza marobota mawili ya nyasi kavu, yaliyofunguliwa mpaka kwenye zulia, na katikati alikaa Meneja na visigino vyake vilivyonyolewa, vimepakwa dawa ya manjano, vinaonekana kutoka mlangoni. Nilijiandaa kwa aibu. Madamu alisimama mbele ya wazazi, akafungua mikono.

"Katika shule yetu," akasema kwa Kiingereza chake kizuri, "mtoto anafundishwa kutazama mpaka chini ya mguu."

Wakapiga makofi. Mama wa kamasi alifuta machozi. Muhula uliofuata karatasi ya kutangaza shule ilikuwa na picha ya Meneja akiwa amegeuzwa, mguu juu. Mkono unaomshika ni wangu. Umekatwa kwenye kiwiko.

Sikupewa barua ya onyo wala ya shukrani. Lakini nyasi zilibaki ukumbini, na mara kadhaa nilimkuta Madamu amezikanyaga bila viatu, vile visigino vyake virefu vimewekwa pembeni, akijifanya anasoma tangazo ukutani. Nilipita kimya. Kila mtu ana miguu yake.

Vidonda vilipona polepole, miezi kadhaa. Kwenye kisigino cha kulia manyoya hayakurudi tena, ikabaki alama ndogo ya ngozi ngumu. Kila mara wageni wapya walipoiona waliniuliza kama ni uchafu. Niliwaambia ndiyo, ni uchafu wangu.

Meneja aliishi mpaka akazeeka. Sungura mzee hawezi tena kujipinda kufikia mgongo wala nyuma. Manyoya yake hulowa, na manyoya yaliyolowa huita nzi, na nzi wakitaga hapo, funza watammaliza kwa siku moja au mbili. Msikae na tumaini katika jambo hilo. Mgeuzeni asubuhi na jioni. Hapo sasa, na hapo tu, nilirudi kwenye maji: ya uvuguvugu, ndani ya bakuli la chai, pamba kidogo, sehemu ile ya nyuma peke yake, kisha taulo ya joto, na sikumwachia mpaka akauke kabisa. Nilifanya hivyo kila siku katika mwaka wangu wa mwisho wa kazi, nimeketi kwenye kigoda, yeye ameegemea paja langu.

Asubuhi moja nilipomaliza kumkausha, hakuondoka. Aligeuza kichwa, akaanza kulamba mkono wangu, kuanzia kwenye kifundo, taratibu, akirudia mahali pamoja kama wanavyofanya wanapojisafisha. Mikono yangu wakati huo ilikuwa imekwishaharibiwa na sabuni, imepasuka, ina madoa. Aliendelea mpaka akafika kwenye vidole. Nikamwacha amalize. Nadhani alikuwa ameniangalia miaka yote ile, akaona kwamba sijui kujisafisha.